Mwaka wa Kanda za Sondu

Tulipotoka kumzika Mwalimu Wafula huko kwao Bungoma, sisi wanafunzi wake wa zamani tuliokuwa bado na nguvu za kusafiri tulipitia kwangu Nyamasaria ili tule pamoja kabla kila mtu hajashika njia yake. Tulikuwa sita. Tuliachana chuoni tukiwa vijana wembamba wenye makoti meupe, na sasa kila anayeketi kwenye kochi langu anatafuta mkono wa kumwinua. Aliyetuendesha alikuwa Achieng, binti wa rafiki yangu Atieno, na siku hizi Achieng mwenyewe ni mwalimu wa wanafunzi wa ufamasia. Njia nzima alitueleza jinsi anavyofundisha siku hizi: somo linarekodiwa, mwanafunzi analitazama kwenye simu akiwa amejilaza kitandani, anachanganya dawa za kuchorwa kwenye kioo, na akikosea kipimo simu inamwambia papo hapo. Alisema wanafunzi wenyewe wamegawanyika, wengine wanaipenda simu kuliko mwalimu, wengine wanasema inawaletea usingizi tu. "Na nyinyi, Mama Beti," akaniuliza nikiwa jikoni nageuza samaki, "nyinyi mlikuwa mnasoma na nini?" Kabla sijafungua mdomo, Odhiambo, mmoja wetu wale sita, alijibu kutoka sebuleni. "Usubi," akasema. "Sisi tulisoma na usubi." Tulicheka sote, na Atieno alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa kanga. Achieng alisimama na sahani mkononi akitungoja tumalize. Hatukumweleza vizuri siku ile, kila mmoja alikuwa akimkata mwenzake kauli, kwa hiyo naandika hapa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwaka wetu wa pili chuoni hapa Kisumu. Darasa letu lilikuwa chumba kirefu cha mabati nyuma ya ghala la dawa, lenye popo darini na meza za mbao zilizounguzwa na asidi za waliotutangulia. Mwaka huo wafadhili walituletea projekta, ile ya kuwekwa mezani, yenye taa chini na shingo juu. Mwalimu anaandika kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, anailaza juu ya kioo, na maandishi yanatokea ukutani makubwa kama ya bango la dukani. Mwalimu Wafula, mtu mfupi wa tai moja ya kahawia, aliipokea kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza uzeeni. Aliishonea kifuniko cha kitambaa cha maua. Aliipangusa kwa leso yake mwenyewe, na ole wake mwanafunzi aliyeigusa. Likizo yote ya Desemba alikaa akinakili madaftari yake ya miaka mingi kwenye plastiki hizo kwa kalamu nyeusi, mstari kwa mstari, na mwaka ulipoanza alikuwa na katoni nzima.

Ili ukuta uonekane ilibidi chumba kiwe na giza, basi tulitundika mablanketi ya hospitali kwenye madirisha yote. Yaani Kisumu, saa nane mchana, chini ya mabati, watu thelathini na mmoja, na blanketi kila dirisha. Jasho lilidondoka daftarini likafanya wino utambae. Hata hivyo hakuna aliyelalamika, kwa sababu tuliona tumepanda daraja. Tulijisifu kwa wanafunzi wa uuguzi, ambao mwalimu wao alikuwa bado anasugua chaki. Lakini nikitazama nyuma naona ile mashine ilitubadilisha kwa namna ambayo hatukuitambua. Zamani tulikuwa tukimsikiliza Mwalimu, tukimbishia, tukimrudisha nyuma. Baada ya projekta tukawa wanakili wa ukuta. Mtu wa benchi la nyuma aliwahi kuuliza, bila utani wowote, "Mwalimu, hiyo umesema iko kwa ukuta, ama ni ya mdomo tu?" Ya mdomo tu, ndivyo tulivyokuwa tukiyaita maneno ya mtu aliyekuwa ameshika kazi ya dawa tangu hatujazaliwa. Kilichokuwa ukutani tulikiandika kwa rula na kalamu nyekundu. Cha mdomo tulikiacha kipite na upepo wa feni ya projekta.

Mashine ya pili ya mwaka ule haikuletwa na mfadhili yeyote. Ilikuwa redio kaseti ya Odhiambo, yenye spika mbili na mkono uliovunjika ukafungwa kwa bendeji. Odhiambo alikuwa amepanga chumba Nyalenda, na kila asubuhi alikuja nayo begani kwa kuogopa kuiacha nyuma. Alikuwa na kanda kumi na nne za muziki wa benga ambazo alizipanga kwenye boksi la sindano kwa mpangilio alioujua mwenyewe. Ukimwazima moja alikuuliza unaipeleka wapi, kwa nani, na utairudisha saa ngapi. Nasema haya ili ieleweke alichokuja kufanya baadaye kilikuwa kikubwa kiasi gani.

Mwezi wa pili, Atieno, aliyekuwa akilala kitanda cha chini yangu bwenini, hakuweza tena kufunga vifungo vya koti lake. Mambo ya nani na ilikuwaje siyaandiki. Ni yake, na alishayamaliza. Sheria ya chuo ilikuwa fupi: mwenye mimba aende nyumbani. Wakubwa walisema mtu anaweza kurudi, ila tuliowajua walioondoka kwa njia ile hakuna hata mmoja aliyerudi, maana ukikosa masomo unarudia mwaka, na kurudia kulihitaji nafasi, na nafasi zilikuwa na watu wanaozigombea. Atieno ndiye aliyekuwa na kichwa kuliko sisi sote. Alipanga nguo zake kwenye sanduku la bati huku akila nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kutoka bakuli langu, anachagua maharagwe na kuniachia mahindi kama kawaida yake. "Beti, usinililie hivyo," akaniambia. "Mimi sijakufa, naenda Sondu tu. Wewe nitumie masomo." Nilimwuliza nitatumaje masomo ya projekta. Kunakili mara mbili hakukuwezekana, kwa sababu Mwalimu aliondoa plastiki kabla hata mara ya kwanza hatujamaliza. Hapo ndipo Odhiambo, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha la bweni kwa kuwa wavulana hawakuruhusiwa ndani, alipotoa wazo kwamba tumrekodi Mwalimu kwenye kanda.

Tulikwenda kwa Mwalimu sote watatu. Ofisi yake ilikuwa kipande cha ghala kilichokatwa kwa mbao laini, na kwenye meza kulikuwa na projekta imevaa maua yake. Alitusikiliza akiwa amefumba macho. "Sasa nyinyi watu," akasema, "hiyo kanda iko na macho? Dawa inasomwa na macho. Huyu atajifunza kuchanganya dawa na masikio, kama mtu anasikiliza mpira kwa redio?" Odhiambo hakuwahi kujua wakati wa kunyamaza. "Lakini Mwalimu," akasema, "hata mpira wa redio, bao ikifungwa watu wanajua." Nilitaka ardhi inimeze. Mwalimu alifumbua macho akamtazama, kisha akamgeukia Atieno. Alimwambia awe amerudi kabla ya mtihani wa vitendo wa mwezi wa saba, ambao msahihishaji wake alitoka nje ya chuo. Akifaulu ataendelea na darasa lake. Akianguka asahau ufamasia, na yeye Wafula hatakuwa na neno la kumtetea. Kuhusu redio alisema iwekwe dirishani, mbali na projekta, na asiione.

Siku chache baada ya Atieno kuondoka nilikuwa ghalani nikihesabu chupa, nikasikia mkuu wa chuo akizungumza upande wa pili wa ile mbao. "Wafula, huyo msichana mfute." Mwalimu akajibu, "Bado." "Bado nini sasa? Ameenda." "Mwezi haijaisha." Sikuelewa mwezi gani, wala sikumwambia mtu. Nilichoelewa ni kwamba jina la Atieno lilikuwa linaning'inia kwenye uzi, na sikumwamini Mwalimu kuushika uzi huo. Kila asubuhi alianza somo kwa kuita majina kwenye rejista, na kila asubuhi alipofika kwa Atieno aliliita lile jina lote, "Pamela Atieno," akangoja, chumba kizima kikanyamaza, kisha akaandika sifuri. Angeweza kuliruka. Sote tulijua yuko wapi. Mimi nililiona ni tendo la ukatili, la kumwaibisha mtu asiyekuwepo, na nikamchukia kwa hilo miezi yote ile. Naliandika waziwazi kwa sababu nitahitaji kulirudia.

Kazi ya kurekodi ilikuwa na ufundi wake. Kanda tupu hazikupatikana kirahisi, basi Odhiambo alizitoa zake za benga, moja baada ya nyingine, akiwa na uso wa mtu anayetoa ng'ombe wa mahari. Kanda za dukani zilikuwa na vitundu viwili juu ili zisifutwe. Tuliviziba kwa plasta ya vidonda. Betri zilipolegea tuliziweka juani kwenye bati la jiko zikapata nguvu kidogo, ingawa sauti ya Mwalimu ilirekodiwa polepole, na ikija kuchezwa kwa betri mpya aliongea mbio kwa sauti ya kisichana. Somo likiwa fupi kuliko kanda, benga haikufutwa yote. Mwalimu alimaliza kueleza namna ya kuhifadhi marhamu, na papo hapo gitaa likaingia. Mwishoni mwa kila kanda mimi nilisogeza mdomo na kumpa Atieno habari za bweni: nani kagombana na nani, na kwamba wiki nzima tumekula omena kavu bila nyanya.

Aliyezifikisha kanda alikuwa Mama Risper, muuza ndizi wa langoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, aliyekwenda Sondu kila siku ya soko kuchukua mzigo. Nyumbani kwa kina Atieno hakupita, ila dada yake Atieno aliuza viazi vitamu kwenye soko hilo, na kanda ilipita kwake. Siku ya soko iliyofuata ilirudi imelala chini ya ndizi. Kanda zote za mwaka ule zilinukia ndizi mbivu. Upande wa pili wa kanda Atieno alirekodi maswali yake kwa redio ya jirani, na nyuma ya sauti yake tulisikia mbuzi, mvua juu ya mabati, na kuanzia mwezi wa nne, mtoto. Mara ya kwanza Odhiambo alisimamisha kanda. "Nyathi," akasema, mtoto, kana kwamba sisi hatukusikia. Tukairudisha nyuma tukamsikiliza Achieng akilia mara tatu nne, wasichana wanne kwenye kitanda kimoja na mvulana dirishani.

Mwezi wa tano usubi ulitoka ziwani. Anayeishi hapa anajua: asubuhi moja unaona wingu jeusi limesimama juu ya maji, na mchana liko ndani ya chai yako. Ni vijidudu vidogo visivyouma mtu, lakini vinapenda mwanga kufa. Siku hiyo mablanketi yalikuwa yametundikwa na mwanga pekee chumbani ulikuwa wa projekta. Kilichofuata kilikuwa lazima kifuate. Vilipenya kwenye matundu ya blanketi, vikaizunguka taa, vikaanguka juu ya kioo, na ukutani vivuli vyao vilitembea vikubwa kama panya. Somo lilikuwa losheni ya kalamini, ile ya waridi ya kupaka mtu anayewashwa. Mwalimu alikuwa na plastiki yake, akipangusa kwa kiganja, akisoma, akipangusa tena. Alipofika kwenye kipimo cha kalamini yenyewe, kidudu kikamwingia kooni. Alikohoa mpaka tai ikaruka begani. Sisi tuliinamisha vichwa madaftarini tukicheka, na tukanakili kilichokuwa ukutani. Somo lilikuwa la mdomo na ukuta tu, kwa sababu unga wa kalamini ulikuwa adimu na ulitunzwa kwa ajili ya mtihani. Jioni kanda ilikwenda kwa Mama Risper kama kawaida.

Atieno alirudi wiki ya mtihani. Alimwacha mtoto kwa dada yake, na siku mbili alizokaa akingoja mtihani alitembea akishika kifua kwa maumivu ya maziwa. Nilimpa daftari langu alipitie. Alilikataa. "Nikianza kusoma yako sasa nitachanganyikiwa," akasema. "Wacha nibaki na ile iko kwa kichwa." Akakaa kitandani, uso ukutani, midomo ikicheza. Niliogopa kwa niaba yake. Sisi tulikuwa na michoro, mistari myekundu, ukuta mzima kwenye kurasa. Yeye alikuwa na sauti ya mtu anayekohoa.

Msahihishaji alikuwa mama mmoja mrefu kutoka Nairobi, mwenye viatu visivyotoa sauti. Walimu wetu walitolewa nje, na Mwalimu Wafula alibaki akitembea huku na huku upande wa pili wa dirisha. Karatasi ilisema tutengeneze losheni ya kalamini kwa vipimo vya kichwani. Nilipima unga, nikausaga kwenye kinu cha kauri pamoja na zinki, nikaongeza maji kidogo kidogo, nikamimina kwenye chupa. Ilikuwa nyepesi. Ilikuwa na rangi ya maji yaliyosuuziwa kitambaa chekundu. Nikaingiwa na wasiwasi, nikatazama ya Odhiambo upande wa kulia, nyepesi vilevile. Nikatazama mbele, nyepesi. Moyo ukatulia, kwa sababu kosa la watu thelathini halionekani kuwa kosa. Kisha nikamtazama Atieno, meza ya pili kushoto kwangu. Chupa yake ilikuwa nzito, ya waridi iliyokolea, inashuka polepole kwenye kuta za kioo.

Naye alikuwa ameshaona. Alikuwa akipitisha macho kwenye chupa zetu, moja moja, mpaka yakafika kwangu. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na nilijua anachofikiria: dada yake sokoni, mtoto, sanduku la bati. Basi mimi, rafiki yake wa kitanda cha juu, niliyembeba kwa kanda miezi mitano, nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia ghafla huweka chini nilichoshika. Nilimwonyesha kwa mkono aongeze maji. Nilifanya hivyo mara mbili, mkono chini ya meza, ili msahihishaji asione. Atieno akachukua chupa ya maji. Akaifungua. Akaiinamisha mpaka nikaona maji yamefika mdomoni mwa chupa, kisha akasimama hivyo hivyo. Midomo yake ikacheza kidogo. Akaifunga chupa ya maji akairudisha mahali pake, akafuta meza yake kwa kitambaa, akakunja mikono.

Msahihishaji alipita meza zote, kisha akafungua mlango akamwita Mwalimu. "Mwalimu," akasema, "darasa lako lote limenitengenezea maji ya waridi. Isipokuwa huyu mmoja." Mwalimu alinyanyua chupa yangu akaiangalia kwenye mwanga, akanyanyua ya Odhiambo, na nikaona shingo yake inavimba. "Kalamini mliweka ngapi?" akauliza. Tukamjibu kwa pamoja kama watoto wa chekechea: gramu moja na nusu. "Nani aliwaambia moja na nusu?" Odhiambo ndiye aliyemjibu. "Ni wewe, Mwalimu. Kwa ukuta." Mwalimu akamgeukia Atieno. "Na wewe? Wewe nani alikuambia kumi na tano?" Atieno alikuwa ametazama chini. "Ni wewe pia, Mwalimu," akasema. "Kwa kanda. Ulisema mara mbili."

Msahihishaji ndiye aliyetaka kusikia. Odhiambo alikimbia akaleta redio kaseti, na boksi la sindano, na kanda yenye harufu ya ndizi. Tulisimama kuizunguka, na sauti ya Mwalimu ikatoka, pamoja na vicheko vyetu wenyewe tulivyokuwa tumevisahau. Kalamini, gramu kumi na — halafu kikohozi kirefu. Halafu, kwa sauti iliyokauka: kumi na tano. Kumi na tano. Tulikuwepo chumbani aliposema, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia. Kabla mtu hajaizima, somo lilikwisha na benga ikapasuka kwa nguvu zote, na yule mama wa Nairobi akageuza uso upande wa dirisha, mabega yakimtetemeka. Mwalimu hakucheka. Alikwenda ofisini, akarudi na projekta na plastiki ile, akaiwasha. Ukutani ikatokea moja, nukta, tano, kama ilivyokuwa kwenye madaftari yetu. Akaweka ukucha juu ya nukta akakwangua. Nukta ikatoka. Akaishika kwenye ncha ya kidole akaisogeza karibu na macho. Ilikuwa na bawa.

Nimeona walimu wengi tangu siku ile, na wakubwa wengi wa kazi, na sikuwahi kuona mwingine akifanya alichofanya. Alizima taa ya projekta, akasimama mbele yetu na kidole chake hewani, akasema, "Nimewakosea. Nilikuwa napangusa, kumbe nawabandikia." Kisha akamwambia Atieno, kwa sauti ile ile ya kukemea aliyokuwa nayo siku zote, arudi bwenini akapumzike, maana kazi yake ilikuwa imekwisha. Sisi thelathini tulirudia mtihani mchana ule ule, na unga wa kalamini wa mwaka mzima uliisha. Jioni, kwa aibu, nilimwuliza Atieno kwa nini hakuongeza maji nilipomwambia. Alikuwa anakunywa uji wa wimbi, kikombe kimefunika uso wake. "Nilikuwa naongeza," akasema. "Halafu nikamsikia amekohoa." Sikumwomba msamaha kwa maneno. Nilimpa maharagwe yote kwenye nyoyo yangu kwa wiki nzima, na yeye alinielewa.

Asubuhi iliyofuata blanketi la dirisha la kwanza halikuwepo. Mwalimu aliinua mwenyewe redio ya Odhiambo kutoka dirishani akaiweka mezani, bega kwa bega na projekta, kisha akaita majina. Alipofika kwa Atieno aliita jina lote, akangoja kama siku zote. Tulikuwa tumezoea ukimya ule kiasi kwamba sauti ya Atieno ilipotoka nyuma, "Nipo, Mwalimu," watu watatu waligeuka kutazama. Mwalimu hakuinua kichwa. Aliandika alichoandika, ila kalamu yake ilikaa pale muda mrefu kuliko alama moja inavyohitaji.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa sehemu iliyobaki. Nilikuwa nimeshafungua duka langu la dawa hapa Nyamasaria, na yeye alikuwa mstaafu mwenye fimbo aliyepita kuchukua dawa za presha na kunikosoa jinsi ninavyobandika lebo. Siku moja, tukinywa chai nyuma ya kaunta, nilimwambia ukweli kwamba nilimchukia kwa ajili ya lile jina. Alishangaa kweli. Akanieleza kwamba jina lisiloitwa mwezi mzima lilikuwa linafutwa ofisini na nafasi inapewa mwingine. Ukiliita na kuandika sifuri, mwanafunzi ni mtoro. Usipoliita, hayupo kabisa. "Mtoro anaweza kurudi," akasema. "Kwa hiyo mimi nilikuwa naita tu." Akaniomba sukari zaidi, ambayo nilimnyima kwa sababu ya ugonjwa wake, na tukagombana kwa hilo.

Siku ile ya mazishi, tulipokuwa mezani kwangu, Odhiambo alitoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa nailoni. Ilikuwa kanda, moja aliyoiweka, plasta ya vidonda imebanduka nusu juu yake. Achieng aliigeuza mikononi akaiangalia pande zote, kisha akasema simu yake haina mahali pa kuitia. Nilileta redio yangu ya chumbani, ile ninayosikilizia ibada. Odhiambo alibonyeza, na feni ya projekta ikaanza kuvuma nyumbani kwangu, halafu Mwalimu Wafula, mwenye umri mdogo kuliko wetu wa sasa, akaanza kuita majina. Nilisikia langu, na msichana mmoja mwenye haraka akiitikia. Nilisikia la Odhiambo. Nilisikia majina mengine mawili ya watu waliokwisha kututangulia, wakiitikia vizuri kabisa.

"Pamela Atieno," akaita.

Siku zote nilikumbuka ukimya ule kuwa mfupi. Haukuwa mfupi. Alingoja, na kungoja kwake kulisikika, pumzi yake na kiti kikilia. Atieno alikuwa na kipande cha samaki mkononi. Akatuambia, bila kumtazama mtu, kwamba kule Sondu, kila kanda ilipofika hapo, alikuwa akiitikia peke yake jikoni, mtoto akiwa tumboni na baadaye mgongoni. Akaweka samaki chini, akapangusa vidole.

"Nipo, Mwalimu," akasema.

Kwenye kanda, Mwalimu akaita jina linalofuata.